Siku ya kupima macho Usa River, Oktoba 2026: tupange nini ili rufaa zisiishie kwenye karatasi?

Katibu_Usa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Kamati ya afya ya kata yetu hapa Usa River inataka kuandaa siku ya kupima macho kwa ajili ya Siku ya Afya ya Macho Duniani. Huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, na mwaka huu wa 2026 ni tarehe 8. Baadhi ya wajumbe wanapendelea Jumamosi tarehe 10 ili walioajiriwa wapate nafasi. Tunategemea watu kama 200, wengi wa miaka 40 na kuendelea. Ukumbi upo, viti vipo, umeme upo, na kuna fungu dogo la kununulia miwani ya kusomea.

Naomba mtusaidie kwenye haya. Tuanzie ofisi gani? Vifaa gani ni vya lazima? Wazee wenye mtoto wa jicho wanapewa karatasi ya rufaa kila zoezi kama hili likifanyika kisha hawafiki hospitali, tuwafanyie nini? Watoto wa shule waje siku hiyo hiyo? Tena kuna msamaria ametuahidi maboksi mawili ya miwani iliyotumika kutoka nje ya nchi, tuyapokee? Na kama kuna tarehe nyingine za mwaka ambazo watu wa Arusha na Moshi wanaweza kuzitumia kupima macho, ziwekeni hapa tuzibandike ofisi ya kata.

Tabibu_wa_Macho

Marahaba Katibu. Jambo hili lipangeni kuanzia mwisho. Kabla tangazo halijasomwa msikitini na kanisani, muwe na jibu la swali hili: mzee akikutwa na mtoto wa jicho saa nne asubuhi, atafanyiwa upasuaji hospitali ipi, tarehe ngapi, na atafikaje? Bila jibu hilo ni afadhali muahirishe. Mzee aliyeambiwa mara tatu kwamba jicho lake linatibika, na kisha hakuna kilichofuata, hatakuja mara ya nne.

Barua ya kwanza iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Halmashauri ya Meru, nakala kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya na kwa mtendaji wa kata. Ipelekeni Agosti mwanzoni. Mratibu ndiye njia yenu ya kuwapata wataalamu kutoka hospitali ya Mount Meru, Arusha, au ya KCMC, Moshi, na ndiye atakayewaombea nafasi kwenye chumba cha upasuaji. Mkiwa na wageni wa kujitolea kutoka nje, vibali vyao vya kutibu vishughulikiwe na mabaraza yanayohusika kabla hawajagusa mgonjwa. Hilo halimalizwi wiki ya mwisho.

Kuhusu tarehe, chagueni Alhamisi. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na akina mama wa umri mnaoutafuta watakuwa sokoni hadi alasiri. Upasuaji msiuombe wiki inayofuata mara moja, kwa sababu Jumatano tarehe 14 ni Siku ya Nyerere na aliyepasuliwa Jumanne anatakiwa kuangaliwa kesho yake. Ombeni Jumatatu tarehe 19 na Jumanne tarehe 20. Zile siku kumi na moja za katikati zina kazi kubwa, nitaieleza.

Idadi ya nafasi mtaijuaje? Wiki tatu kabla, tumieni wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba. Kazi yao ni moja: kila mwenye miaka 50 na zaidi azibwe jicho moja kwa kiganja, mhudumu asimame mita 6, aonyeshe vidole kwenye mwanga wa kutosha, mtu ahesabu. Akishindwa, asogee mita 3. Kisha jicho la pili. Asiyehesabu vidole kwa mita 6 aandikwe jina, kitongoji, simu ya mtoto au jirani. Si wote watakaokuwa na mtoto wa jicho, lakini mtaenda kwa mratibu mkiwa na idadi mkononi, na hospitali hupanga lenzi na wataalamu kwa idadi, haipangi kwa matumaini.

Sasa zile siku kumi na moja. Sababu kubwa ya mgonjwa kurudishwa nyumbani akiwa ameshafika mlangoni mwa chumba cha upasuaji ni presha ya damu na sukari. Hospitali nyingi huahirisha presha ikifika 180/110, na sukari ikizidi kiwango ambacho timu yao imejiwekea. Waulizeni kiwango hicho mapema. Kwa hiyo siku ya kupima macho wekeni meza ya presha na sukari. Kila aliyeandikiwa upasuaji apimwe hapo hapo, na aliye juu aanze dawa zahanati kesho yake, arudi kupimwa baada ya wiki. Mzee asiache dawa zake za presha asubuhi ya upasuaji eti kwa sababu anakwenda kupasuliwa. Wanaume wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume wamwambie mpasuaji kabla, kwa kuwa dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni na kumsumbua katikati ya kazi. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aseme pia, asiiache kwa uamuzi wake.

Wanaobaki nyumbani na karatasi wengi wao hawakatai tiba. Nauli ya watu wawili, hofu, na uamuzi ulio mikononi mwa kijana wao aliyeko mjini, hivyo ndivyo vinavyowashika. Mpigieni huyo kijana simu siku hiyo hiyo mbele ya mzee. Kodini Coaster moja ya kwenda na kurudi na muweke kwenye bajeti kabla ya miwani. Nikilazimika kuchagua kati ya gari na spika za muziki, nachukua gari. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama, ila kitambulisho na barua kutoka ustawi wa jamii vitafutwe Septemba. Wenye bima wahakikishe namba ya rufaa inatoka kituo kinachotakiwa.

Na wapeni maelezo ya kweli, kwa Kimeru au Kimaasai kwa wasiozoea Kiswahili. Lenzi ya asili ndani ya jicho imepoteza ung'avu. Inatolewa, inawekwa ya plastiki ngumu isiyooza wala kuisha muda. Jicho halitolewi nje. Ganzi ni ya eneo la jicho, mgonjwa yu macho, na upasuaji wenyewe mara nyingi huchukua dakika 15 hadi 20. Hakuna tena haja ya kusubiri mtoto wa jicho aive. Akiiva kupita kiasi lenzi huvimba, presha ya jicho hupanda, maumivu huja, na upasuaji unakuwa mgumu zaidi.

Baada ya hapo kuna matone kwa wiki 4 hadi 6, kukaguliwa kesho yake, kisha baada ya wiki moja, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita ndipo apimwe miwani. Asifikiche, asiingize maji machoni kwa wiki mbili, na asilalie upande wa jicho lililopasuliwa. Jicho likianza kuuma, likawa jekundu zaidi, au kuona kukapungua badala ya kuongezeka, arudi siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Maambukizi ndani ya jicho huliharibu kwa saa chache, hayasubiri kliniki ya Jumatatu.

Lenzi_Kilimanjaro

Tabibu ameshughulikia mwisho, mimi naingia ukumbini.

Kwanza maboksi ya miwani iliyotumika: mshukuruni msamaria, msiyapokee. Kila miwani mle ilikatwa kwa macho ya mtu mmoja, kulia na kushoto tofauti, na umbali kati ya mboni zake. Kuipima moja moja kwa mashine, kuosha na kupanga ni kazi ya siku nyingi, na mwisho wake sehemu kubwa haimfai yeyote. Shirika la kimataifa la kuzuia upofu, IAPB, nalo halishauri miwani ya namna hiyo. Akiwa na nia, abadilishe awe mchangiaji wa nauli.

Miwani ya kusomea nunueni mipya. Kwa kila 100, gawanyo ambalo halitawaacha na mabaki mengi ni hili: +1.00 kumi, +1.50 ishirini, +2.00 ishirini na tano, +2.50 ishirini na tano, +3.00 kumi na tano, +3.50 tano. Umri unasaidia kuanzia: wa miaka 40 hadi 45 jaribuni +1.00, hadi 50 +1.50, hadi 55 +2.00, juu ya hapo +2.50. Kisha mpe mtu kazi yake halisi ashike umbali wa sentimita 40: uzi na sindano, mchele wa kuchambua, kitabu cha nyimbo, ujumbe wa simu. Akiona vizuri na mbili zote, mpe yenye namba ndogo. Ukimzidishia atalazimika kusogeza kitabu hadi puani na ataiacha kabatini.

Lakini, na hapa naomba sana, mtu asipewe miwani ya kusomea kabla hajapimwa kuona mbali kila jicho peke yake na kumulikwa tochi. Anayepewa miwani, akasoma, akafurahi, huondoka na jicho moja lenye presha ambalo halijagunduliwa, na hatarudi miaka mitatu kwa sababu "nilishapima".

Chati. Tumieni ya herufi E inayogeuzwa, mtu aonyeshe kwa mkono meno yanatazama wapi. Chati ya herufi za kawaida husomwa kwa sauti na foleni nzima huikariri. Umbali ni mita 6 kutoka jicho hadi chati. Ukumbi ukiwa mfupi tafuteni chati iliyotengenezwa kwa mita 3, msiisogeze ile ya mita 6. Pigeni mstari wa chaki sakafuni na mfunge kiti kwa kamba, kwa sababu kufikia saa tano watu wamesukumana na mita 6 zimekuwa mita 4, ndipo kila mtu anaonekana mzima. Mwanga uangukie kwenye chati. Dirisha likiwa nyuma ya chati matokeo yote ya asubuhi hayafai. Jicho lizibwe kwa kadi au kiganja, vidole vina nafasi. Msiligandamize, litaona ukungu likifunguliwa.

Mpaka wa kupita ni 6/12, maana yake mtu anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 12. Mwonyesheni E ya saizi hiyo mara tano, apatie angalau nne. Akishindwa, mpeni kadi nyeusi yenye tundu dogo, milimita 1.2 hivi, achungulie. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, tatizo lake linaelekea kuwa la miwani, aende kwa mpimaji wa miwani. Asipopata nafuu, aende meza ya tabibu. Tundu hilo la senti tano ndilo litakalopunguza foleni ya daktari kwa kiasi kikubwa.

Kupima macho mawili kwa utaratibu huu huchukua dakika 4, yaani watu 15 kwa saa kwa mpimaji mmoja. Watu 200 kwa saa tano ni watu 40 kwa saa, hivyo mnahitaji wapimaji watatu wasiofanya kitu kingine. Mara nyingi ukumbi huwa na mpimaji mmoja, waandikaji sita na wageni rasmi kumi.

Presha ya jicho ipimwe kwa kila mwenye miaka 40 na zaidi kama kipimo kinapatikana. Kipimo cha mkono aina ya iCare hakihitaji ganzi, ila kila mtu anatumia ncha mpya, kwa hiyo muulize mwenye mashine ana ncha ngapi. Mkiambiwa 60, pimeni wenye ndugu wa damu wenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho) kwanza, halafu wenye kisukari, halafu waliobaki kadiri zinavyotosha.

Matone ya kupanua mboni msiyaweke pale ukumbini kwa kila mtu. Kuona kunakuwa na ukungu kwa saa 4 hadi 6, mwanga unaumiza, na nusu ya watu wenu watarudi kwa bodaboda, wengine wakiwa ndio waendeshaji.

Watoto wa shule wasije siku hiyo. Wafuateni shuleni. Mwalimu aliyefundishwa anaweza kupima darasa zima kwa chati hiyo hiyo na mpaka huo huo wa 6/12, na watakaoshindwa ndio waletwe kliniki. Kule watawekewa matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kupimwa, maana misuli ya mtoto ina nguvu ya kuficha namba halisi. Bila matone mtoto anaweza kupewa miwani ya kuona mbali ambayo haihitaji. Mwenye makengeza apelekwe mapema, kabla ya miaka 7 au 8, la sivyo ubongo huzoea kulipuuza jicho hilo. Na mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu, haingojei zoezi lolote. Huyo ni rufaa ya wiki hiyo hiyo KCMC, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa maisha huokolewa.

Muuguzi_Konea

Naongezea meza ya tochi, kwa sababu ndipo mtakapokutana na macho mekundu.

Usa River ina mashamba ya mahindi, migomba na kahawa. Jani la mahindi au kitawi kikichapa kioo cha jicho huacha mchubuko, na mchubuko wa mmea hupenda kuingiza fangasi. Mgonjwa huenda duka la dawa, anauziwa matone mchanganyiko yenye steroidi kama deksamethasoni, jicho linapungua wekundu siku mbili, huku fangasi wakilila. Akifika hospitali kioo kimetoboka. Kwa hiyo jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga, lenye doa jeupe kwenye kioo, halipewi tone lolote la steroidi pale ukumbini. Liende hospitali leo. Mkiwa na karatasi za fluoresini (rangi ya kuonyesha mchubuko) na tochi ya mwanga wa bluu, mchubuko utang'aa kijani.

Utomvu wa manyara, ule mmea wa ua unaozunguka maboma na viwanja vyetu, ni adui mwingine. Mtu anapunguza ua, tone la utomvu mweupe linaruka. Saa za mwanzo huwasha kidogo, usiku maumivu huwa makali na kuona kunapotea. Tiba inaanza shambani: maji safi, kope zikifunuliwa, angalau dakika 15 bila kukatisha. Chokaa, saruji na maji ya betri, dakika 30, na kope ya juu igeuzwe ili chembe zitoke. Maji ya bomba yaliyopo sasa hivi ni bora kuliko maji ya hospitali baada ya saa moja. Maziwa ya mama, mkojo, asali na majani yaliyotafunwa visitiwe machoni.

Watoto wanaojifikicha muda wote, macho ya rangi ya tope na ute unaovutika kama uzi, wengi wana mzio. Ukanda wetu una watoto wengi wa namna hiyo, wavulana hasa, na huwa mbaya kipindi cha vumbi. Kitambaa cha maji baridi, kofia yenye ukingo, matone ya kromoglikati asilimia 2 mara nne kwa siku kwa wiki nyingi. Inafanya kazi polepole, wazazi waambiwe hivyo, wasipoambiwa wanakimbilia tena yale yenye steroidi. Hayo yakitumika miezi bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa miaka kumi. Nimewaomba wenye maduka ya dawa mara nyingi na nawaomba tena hapa: msiyauze bila cheti.

Mkipata wafugaji wanaotoka Longido, Monduli au Simanjiro, angalieni kope. Ugonjwa wa vikope (trakoma) ukikaa miaka mingi kope hujikunja ndani na kukwaruza kioo kila mtu anapopepesa. Kung'oa kope kwa kibano ni nafuu ya wiki chache, zinaota tena. Wanahitaji upasuaji mdogo wa kope.

Taulo moja isipite uso hadi uso. Kila mtu na kipande chake cha pamba.

Katibu_Usa

Asanteni sana. Tumekubaliana Alhamisi tarehe 8, na maboksi tumeyakataa kwa heshima. Wajumbe wanauliza mawili. Glakoma hamkuieleza, na tuna watu kadhaa ambao tayari wanatumia matone, mmoja wao ana pumu. La pili, wale ambao daktari atasema hakuna cha kufanya, tuwaambie nini?

Tabibu_wa_Macho

Mwenye pumu asimame kwanza. Timololi, tone linaloandikwa sana kwa presha ya macho, huingia kwenye damu na linaweza kubana kifua. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya taratibu amwambie daktari wake wiki hii abadilishiwe. Asiache mwenyewe kimya kimya, presha itapanda.

Glakoma huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huanza pembeni, hivyo mtu anaendelea kusoma chati hadi mstari wa chini huku akigonga watu begani. Presha ya kawaida ya jicho ni 10 hadi 21, lakini wapo wenye 18 na mshipa unakufa, ndiyo maana kipimo cha presha peke yake hakitoshi, lazima mtu aangaliwe nyuma ya jicho. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki. Ukikutwa nayo, walete kaka na dada zako wa tumbo moja na watoto wako waliofikisha miaka 40. Hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine.

Hesabu ya chupa iwekwe wazi. Chupa ya timololi ya mililita 5 ina matone kama 100. Macho mawili, mara mbili kwa siku, ni matone 4, hivyo inaisha siku ya 25 hata kama hakuna tone linalodondoka shavuni. Anayepewa chupa moja kwa mwezi anakaa siku tano bila dawa kila mwezi. Aombe mbili. Latanoprosti, dawa nyingine ya glakoma, ni tone moja usiku. Isiyofunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa inavumilia hadi nyuzi 25 kwa wiki sita. Usa River mtaweza, ila Moshi mjini Januari na Februari irudishwe kwenye friji.

Kuweka: vuta kope ya chini, tone moja tu, funga jicho bila kukaza, bonyeza kona ya ndani kando ya pua kwa dakika 2. Kubonyeza huko kunazuia dawa kushuka kooni. Kama kuna tone la pili la aina nyingine, subiri dakika 5.

Tarehe za kubandika ofisi ya kata: Wiki ya Glakoma Duniani huwa Machi, na kwa sababu ni mwanzo wa masika, wa vijijini wapange gari mapema. Juni na Desemba ni matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hayo yanazuia upofu, yasikosekane, pamoja na chanjo ya surua na rubela miezi 9 na 18. Nane Nane uwanja wa Themi, Njiro, ulizeni mabanda ya afya. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani: mwenye kisukari cha ukubwani aangaliwe retina (utando wa nyuma ya jicho) siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka hata kama anaona vizuri, na mjamzito mwenye kisukari katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwenye uchunguzi huo mboni hupanuliwa, kwa hiyo aje na msindikizaji, miwani ya jua, miwani yake ya zamani na dawa zake zote kwenye mfuko.

Mwalimu_Tengeru

Katibu, kwa swali lako la pili. Neno "hakuna cha kufanya" lisitamkwe kabisa siku hiyo. Daktari anaposema upasuaji na dawa havitarudisha kuona, kazi ya upande mwingine ndiyo inaanza.

Gawanyeni makundi mawili. Wenye uoni hafifu bado wana kuona kunakoweza kutumika: kioo cha kukuza, maandishi makubwa na meusi, meza karibu na dirisha, ukingo wa ngazi uliopakwa rangi nyeupe. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi anasoma vizuri shule ya kawaida akikaa mbele na kunakiliwa yaliyo ubaoni. Wasioona kabisa wanahitaji fimbo nyeupe yenye urefu unaofika kwenye mfupa wa kifua, na mtu wa kuwafundisha kuitumia; fimbo bila mafunzo huishia nyuma ya mlango. Chama cha Wasioona Tanzania ndicho cha kuanzia. Siku ya Fimbo Nyeupe ni tarehe 15 Oktoba, wiki moja baada ya siku yenu, waalikeni viongozi wao mapema waje tarehe 8 wawe na meza yao pale pale.

Kwa shule, Moshi kuna Mwereni inayopokea wanafunzi wasioona pamoja na wanaoona, na hapa kwetu chuo cha Patandi ndicho kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Afisa elimu maalumu wa halmashauri awepo ukumbini, mzazi asitumwe kumtafuta.

Watu wenye ualbino karibu wote wana uoni hafifu na macho yanayochezacheza, na kwao miwani sahihi, kofia na kukaa mbele darasani hubadilisha mambo. Mafuta ya kujikinga na jua ya KiliSun yanatengenezwa hapo Moshi, kwenye kituo cha ngozi cha KCMC.

Lenzi_Kilimanjaro

Katibu, moja la mwisho kuhusu simu. Programu ya Peek Acuity inapima kuona mbali kwa E hiyo hiyo, na WHOeyes ya Shirika la Afya Duniani inapima mbali na karibu kwa mtu aliyezidi miaka 8. Zote za bure. Wahudumu wenu wazipakue kabla, wajizoeze wiki nzima, na mwanga wa kioo cha simu uwekwe juu kabisa.

Daftari la siku hiyo liwe na safu hizi: jina, umri, kitongoji, simu mbili, kuona jicho la kulia, jicho la kushoto, kwa tundu kila jicho, presha ya jicho, presha ya damu, sukari, alichopewa, anakokwenda, tarehe, na safu ya mwisho "amefika". Safu hiyo ijazwe kwa simu tarehe 21 Oktoba, asubuhi baada ya upasuaji wa siku ya pili. Asiyefika apigiwe na mtu anayemfahamu, na apangiwe gari linalofuata.